Theluji ya Kwanza Ukiwa Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Familia Zetu za Minnesota

Kila ikifika Oktoba maswali ni yale yale: kanisani, msikitini, kwenye makundi ya WhatsApp, hata kwenye foleni ya duka la unga wa wimbi kule Brooklyn Park. Wengi wanaouliza wamefika wakati wa joto na theluji wameiona kwenye televisheni tu. Wengine wako mwaka wa pili, na wa kwanza waliumaliza dirishani wakiwa na hofu.

Majibu haya yanawahusu zaidi wakazi wa Minneapolis, St. Paul na vitongoji vyake. Msimamo wetu tunautaja mapema: siku ya theluji ya kwanza, kama kazi inakuruhusu, kaa nyumbani uifurahie. Kuendesha gari kwenye theluji utajifunza tu, upende usipende. Miezi ya kujifunza ni mingi.

## Kabla haijaanguka

Theluji ya kwanza huja lini?

Kwa kawaida mwanzoni mwa Novemba, lakini usishangae ikija Oktoba. Watu wa hali ya hewa huihesabu ikifika sehemu ya kumi ya inchi. Chini ya hapo wanasema ni dalili tu. Iliyowahi kuja mapema kuliko zote katika Miji Pacha (ndivyo Minneapolis na St. Paul zinavyoitwa kwa pamoja) ilipimwa tarehe 24 Septemba 1985, watu bado wana nyanya bustanini.

Mara nyingi ile ya kwanza ni kidogo na haikai. Ardhi bado ina joto la msimu uliopita, kwa hiyo theluji hushika kwanza kwenye majani, juu ya paa na juu ya magari, huku lami ikibaki nyeusi na maji maji. Mwaka 1991 ilikuwa tofauti kabisa. Tazama huko chini swali la Halloween, ile sherehe ya tarehe 31 Oktoba ambapo watoto huvaa mavazi ya kuigiza.

Nitajuaje kwamba leo ndiyo leo?

Soma utabiri wa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa, usisome maneno ya kutishana yanayosambazwa kwenye simu. Kwa macho yako pia utaona: wingu la kijivu lililolala chini, upepo umetulia, kipimo kiko karibu na nyuzi 32 za Farenhaiti, yaani sifuri ya Selsiasi. Mara nyingi huanza kama mvua ya kawaida. Kisha unagundua matone yamepunguza mwendo, mengine yanayumba yumba kabla ya kutua. Hapo waite watoto.

Ninunue nini mapema?

Koleo la theluji, mfuko mmoja wa chumvi ya kuyeyushia barafu, na kikwangulio cha kioo cha gari chenye brashi. Nunua Oktoba. Siku theluji ikianguka makoleo huisha dukani kabla ya saa sita mchana, na utakayoyakuta ni yale ya watoto. Chakula cha siku mbili tatu kinatosha. Hakuna haja ya kujaza magunia kana kwamba barabara zitafungwa mwezi mzima, maana hapa magari ya kusukuma theluji huanza kazi kabla hujaamka.

Watoto wavae nini? Makoti ni ghali.

Ni ghali yakiwa mapya. Maduka ya mitumba yana makoti mazuri sana, na makanisa na shule nyingi hugawa nguo za baridi kila vuli. Muulize mfanyakazi wa jamii wa shule ya mtoto wako bila aibu. Ni sehemu ya kazi yake.

Siri haiko kwenye koti moja nene. Iko kwenye tabaka. Ndani kabisa vaa kitu chepesi kinachobana mwili, cha sufu au polista. Katikati vaa sweta. Nje vaa koti na suruali ya theluji isiyopitisha maji. Pamba acha, hasa soksi za pamba: ikilowa haikauki, na mguu uliolowa ndio unaomrudisha mtoto ndani analia baada ya dakika kumi. Glavu zenye vidole vyote pamoja hushinda zile za vidole mbalimbali, kwa sababu vidole vinapashana joto. Buti ziwe na nafasi kidogo. Mama anayevisha soksi tatu ndani ya buti iliyobana anadhani anasaidia, kumbe anazuia damu.

Jambo moja la gari, na hili ni la lazima: mtoto asifungwe kwenye kiti chake akiwa na koti nene. Mkanda unaonekana umekaza, lakini gari likigonga koti linabonyea na mtoto anachomoka. Mvue koti, mfunge, kisha mfunike nalo juu ya mkanda.

Nyumba ninayopanga ni baridi. Mwenye nyumba anasema nivae sweta.

Sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba atoe joto lisilopungua nyuzi 68 za Farenhaiti (20 za Selsiasi) kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili. Mwandikie ujumbe, usimpigie simu tu, ili uwe na kumbukumbu. Piga picha ya kipimajoto.

Kama bili ya umeme au gesi ni yako na imekulemea, ipo kanuni ya jimbo ya majira ya baridi inayokukinga usikatiwe huduma ya joto katika miezi hiyo hiyo, ila ni lazima uwasiliane na kampuni na mpatane jinsi ya kulipa. Ukinyamaza hukingwi. Namba ya simu 211 itakuelekeza kwenye misaada ya malipo.

## Asubuhi yenyewe

Nimeamka, nje kote kweupe. Nianze na nini?

Anza na chai. Kweli. Bandika sufuria, tia tangawizi, kisha simama dirishani. Theluji ambayo haijakanyagwa ina saa chache tu za kuishi. Baada ya hapo ni nyayo, mbwa wa jirani na tope la chumvi. Koleo litakusubiri.

Baada ya chai fanya ukaguzi mmoja mfupi. Zunguka nyumba uone mabomba yanayoingiza na kutoa hewa ya hita hayajazibwa na theluji. Kwa nyumba nyingi za hapa ni mabomba meupe ya plastiki yanayochungulia ukutani, chini kidogo. Yakizibwa, hita huzimika au hewa yenye sumu hurudi ndani. Ukimaliza hapo, asubuhi ni yako.

Mbona kumekuwa kimya namna hii?

Theluji mpya sehemu kubwa yake ni hewa. Vile vishimo vya hewa katikati ya chembe hunasa sauti zisirudi, kama godoro lililosimamishwa ukutani. Ongeza kwamba magari ni machache na yanakwenda polepole. Ikishakanyagwa na kuganda, sauti zinarudi, na huwa kali kuliko za mwanzo.

Na usiku mbona hakuna giza?

Taa za mji hugonga theluji chini, zikapanda, zikagonga mawingu, zikarudi. Mbingu huwa na rangi kama ya chungwa bivu na unaweza kuona uzio wa jirani saa saba za usiku. Watu waliozoea giza la mashambani hufikiri kunakucha. Katika mwezi ambao jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, mwanga huu ni neema na unafaa kutembelewa: vaa, toka, zunguka mtaa mara moja.

Ni theluji ile ile ya Kilimanjaro?

Ni ile ile. Kilimanjaro inaipata kwa kwenda juu, mita 5,895. Minneapolis, iliyo chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, inaipata kwa kuwa mbali na ikweta, karibu nyuzi 45 kaskazini. Mlima Kenya na Rwenzori nazo zina yao. Mmisionari Johannes Rebmann alipoandika mwaka 1848 kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro, wapo wataalamu wa jiografia London waliombishia kwamba haiwezekani karibu na ikweta. Wachaga, waliokuwa wakiiangalia kila asubuhi, hawakuulizwa. Kwa hiyo mtoto akirudi shuleni na habari kwamba Afrika haina theluji, una jibu.

Nasikia kila chembe ina pembe sita. Nitazionaje?

Chukua kitambaa cheusi, hata kanga kuukuu ya rangi nzito, ukiache nje barazani nusu saa kipoe. Kitambaa cha moto kinayeyusha chembe kabla hujaitazama. Kisha kitandaze wakati zinaanguka moja moja, na uchungulie kwa kioo cha kukuzia huku umebana pumzi. Zikiwa kubwa na zimeshikamana kama manyoya, hewa ina joto kiasi na hutaona vizuri. Subiri baridi iongezeke.

Mkulima mmoja wa Jericho, Vermont, Wilson Bentley, aliunganisha darubini na kamera akapata picha ya chembe moja tarehe 15 Januari 1885. Aliendelea hadi akapita picha 5,000. Alifanya hayo kwenye banda la shambani, kwa hiyo baraza lako linatosha.

Nimejaribu kutengeneza mtu wa theluji, inamwagika kama unga. Nakosea wapi?

Hukosei, theluji ndiyo kavu. Ya kushikana inahitaji unyevu, na unyevu unapatikana kipimo kikiwa karibu na sifuri ya Selsiasi. Jaribu hivi: kamata konzi moja, ibinye. Ikibaki donge, anza kazi. Ikitiririka vidoleni, hiyo ni ya kuteleza na kulala chali ukipunga mikono. Ya mtu isubiri mchana jua likitoka.

Ukiwa nayo inayoshika, usiijenge kwa kurundika. Fanya donge, liweke chini, livingirishe uani likusanye lenyewe, na ubadilishe upande kila mara ili lisiwe gogo. Donge la chini watoto hupenda liwe kubwa mno, halafu hakuna wa kunyanyua la pili. Karoti ya pua ni desturi ya hapa. Watoto wetu wameshatumia hata bamia, na mtu wa theluji mmoja wa mtaani kwetu alivaa kofia ya kiua msimu mzima.

Theluji inaliwa?

Kidogo, ndiyo, kwa masharti. Chukua iliyoanguka safi, juu juu, mbali na barabara, paa, miti na njia za mbwa. Usichukue ile ya dakika za mwanzo kabisa, kwa sababu theluji inaposhuka hufagia vumbi la hewani. Acha ianguke kwanza saa moja au mbili, au weka bakuli safi nje ikusanyike humo. Yenye rangi yoyote isiyo nyeupe hailiwi. Iliyosukumwa na greda hailiwi.

Watu wa hapa hutengeneza aiskrimu ya haraka: bakuli kubwa la theluji, kikombe cha maziwa, sukari kwa kiasi unachopenda, vanila. Sisi tunaona iliki iliyotwangwa inaishinda vanila kwa mbali, na maziwa ya kopo yenye sukari yanashinda ya kawaida. Koroga upesi, mle hapo hapo. Haingoji mgeni.

Tupike nini siku hiyo?

Chochote kinachokaa jikoni muda mrefu, kwa sababu jiko linasaidia hita na harufu ndiyo inayowaingiza watoto ndani bila kuitwa. Makande. Supu ya kongoro. Maharagwe ya nazi. Asubuhi uji wa wimbi wenye ndimu kidogo, na kama kuna mtu mwenye mkono mzuri wa mahamri, siku yake ni hii. Mwachie mpishi achague. Wengine mkasukume theluji.

Nataka kuwaonyesha wa nyumbani. Nipige simu saa ngapi?

Saa zikisharudishwa nyuma, yaani kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba, Afrika Mashariki iko mbele yetu kwa saa tisa. Saa moja asubuhi hapa ni saa kumi jioni Nairobi na Dar es Salaam, saa tisa alasiri Goma na Bujumbura, saa kumi na moja jioni Muscat. Theluji ikija Oktoba, kabla ya kubadilisha saa, punguza saa moja kwenye tofauti hiyo. Ukingoja hadi mchana wa hapa, bibi amelala.

Simu yenyewe iweke mfuko wa ndani. Baridi huimaliza betri ghafla, nawe unabaki unaonyesha skrini nyeusi. Tena, shika theluji mkononi mbele ya kamera uifinye. Ikiwa chini tu, huko nyumbani wanaona uwanja mweupe, wanauliza kama ni mchanga.

Picha zangu zinatoka za kijivu, na nyuso zetu hazionekani.

Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inafifisha kila kitu. Theluji inakuwa kijivu, na sisi wenye ngozi nyeusi tunakuwa vivuli. Gusa skrini juu ya uso, si juu ya theluji, kisha telezesha kidole juu kuongeza mwanga. Geuza watu jua liwapige usoni. Wingu jepesi hutoa picha nzuri kuliko jua kali.

## Koleo, gari na shule

Ni lazima nisafishe? Si itayeyuka?

Huenda ikayeyuka, lakini ukiikanyaga kabla haijaondolewa inakuwa barafu, na barafu hiyo haiyeyuki upesi. Minneapolis inakutaka usafishe njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba ndani ya saa 24 baada ya theluji kukoma, kama ni nyumba ya familia moja au mbili. Majengo mengine yote yana muda wa saa nne tu, zikihesabiwa mchana. St. Paul ni saa 24. Usiisukumie barabarani wala kwenye kichochoro, ni kosa. Irundike kwenye majani yako.

Nyumba ya kupanga, soma mkataba: kwenye apatimenti kubwa ni kazi ya mwenye jengo, kwenye nyumba ya peke yako mara nyingi umeachiwa wewe.

Nifanyeje mgongo usiume?

Sukuma, usinyanyue. Toka mapema theluji ikiwa inchi mbili, na utoke tena baadaye, kuliko kungoja iwe inchi nane. Ukilazimika kunyanyua, piga magoti kidogo, chota nusu koleo, geuka mwili mzima. Theluji yenye maji ni nzito kuliko inavyoonekana: kwa kawaida inchi kumi za theluji zikiyeyuka hutoa kama inchi moja ya maji, na ya mwanzo wa msimu mara nyingi ina maji zaidi ya hapo.

Baba mwenye shinikizo la damu au moyo, aache. Baridi hubana mishipa wakati kazi yenyewe inaupandisha moyo mbio, na kila mwaka watu hufa hivyo wakiwa na koleo mkononi. Vijana wa nyumba wapo.

Chumvi nimwage kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyodhani. Kikombe kimoja cha kahawa kinatosha njia ya gari ya futi 20 ukiinyunyiza kwa kuachia nafasi. Chumvi ya kawaida haifanyi kazi vizuri kipimo kikishuka chini ya nyuzi 15 za Farenhaiti. Hapo tumia mchanga, upate mshiko. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua galoni tano za maji zisisafishike tena, na maji ya mitaani huishia kwenye maziwa yetu haya haya.

Gari langu liko barabarani. Litavutwa?

Linaweza. Miji hutangaza dharura ya theluji pale inapotaka kusafisha barabara ukingo hadi ukingo. Minneapolis hutangaza kabla ya saa kumi na mbili jioni, na zoezi huanza saa tatu usiku huo. Siku ya kwanza husafishwa barabara kuu zilizowekewa alama, siku ya pili upande wa namba shufwa katika mitaa mingine, siku ya tatu upande wa namba witiri. St. Paul ina utaratibu wake wa usiku na mchana. Jiandikishe kupokea ujumbe wa mji wako leo, kabla haijaanguka. Theluji ya kwanza kwa kawaida ni ndogo na haileti dharura, lakini usicheze kamari: gharama ya kulikomboa gari inatosha kununua makoti ya watoto wote.

Lazima nitoke na gari. Niambie machache.

Ondoa theluji yote, pamoja na ya juu ya paa. Ukifunga breki itakuangukia kwenye kioo. Nenda taratibu, acha nafasi kubwa, breki ikanyage mapema. Madaraja huganda kabla ya barabara. Kaa nyuma ya gari la kusukuma theluji, angalau urefu wa magari kumi, na usilipite kwenye lile wingu jeupe linalorusha. Mengine yana majina ya mzaha yaliyopigiwa kura na wananchi, mojawapo Betty Whiteout (jina la mwigizaji Betty White limechanganywa na whiteout, yaani theluji nzito isiyokuonyesha mbele), kwa hiyo angalau mtoto atakuwa na la kusoma mkiwa nyuma yake.

Shule itafungwa?

Kwa theluji ya kwanza, mara chache. Inchi mbili ambazo zingesimamisha mji wa kusini mwa Marekani, hapa basi la shule linafika kwa wakati. Hakikisha shule ina namba yako ya simu sahihi na lugha unayotaka. Baadhi ya wilaya hutangaza siku ya masomo ya mtandaoni badala ya kufunga, kwa hiyo kompyuta ya mtoto iwe na chaji.

## Mwili

Mtoto akae nje muda gani?

Siku nyingi za theluji ya kwanza hazina baridi kali. Aliyevaa vizuri (tazama swali la mavazi) atacheza saa nzima, aingie anywe kitu cha moto, atoke tena. Wadogo wa chini ya miaka miwili, dakika chache chache.

Hesabu hubadilika upepo ukiingia. Kipimo kikiwa sifuri ya Farenhaiti (18 chini ya sifuri ya Selsiasi) na upepo wa maili 15 kwa saa, mwili unahisi 19 chini ya sifuri ya Farenhaiti, na ngozi iliyo wazi inaweza kuungua kwa baridi ndani ya dakika 30. Siku hizo ni za Desemba na Januari.

Vidole vimekufa ganzi. Nivisugue?

Hapana, na usivisugue kwa theluji kama wasemavyo wazee wa hapa. Mwingize mtoto ndani, vua vilivyolowa, tia vidole kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako usio na ganzi unayaona ya kupendeza. Usiweke kwenye jiko wala hita, kwa kuwa penye ganzi hapasikii moto. Ngozi ikibaki na rangi ya majivu au ngumu kama nta, nenda hospitali. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi; pima kwa kugusa na kwa kumuuliza mtoto, usitegemee macho.

Ngozi inapauka na pua zinatoka damu.

Hita hukausha hewa. Paka mafuta ya mgando mara tu baada ya kuoga, kabla mwili haujakauka, na kidogo ndani ya pua usiku. Sufuria ya maji karibu na tundu la joto inasaidia. Kuhusu vitamini D, muulize daktari wako. Watu wenye ngozi nyeusi wanaoishi mbali na ikweta mara nyingi hupimwa wakakutwa nayo pungufu.

Umeme umekatika. Naweza kuwasha jiko la makaa ndani, nifungue dirisha?

Hapana. Si sebuleni, si gereji, si barazani palipozungushiwa vioo, na dirisha wazi haliondoi hatari. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini. Tuliotoka kwenye nyumba zenye matundu juu ya ukuta tunaona ni hofu ya bure, lakini nyumba za hapa zimezibwa kila upenyo ili kutunza joto. Vivyo hivyo gari lisiwashwe likiwa gereji, hata mlango ukiwa wazi. Hakikisha kengele ya kutambua hewa hiyo ipo karibu na vyumba vya kulala na ina betri. Ikilia, tokeni wote, pigeni 911 mkiwa nje.

## Maswali ya pembeni

Nakaa ghorofa ya tano, sina uwanja.

Una dirisha lililo juu ya wote. Bustani za umma ziko kila mtaa, na vilima vya kuteleza havilipiwi. Roshani yako ifagie taratibu, uangalie nani anapita chini.

Mama amekuja kututembelea na anaogopa hata kutoka mlangoni.

Usimlazimishe na usimwache ndani siku zote. Mletee theluji kwenye sinia, aishike akiwa kwenye kiti chake; wengi huanza hapo wakacheka. Akitaka kutoka, mvalishe buti zenye meno, mpe mkono, mtembee kwa hatua fupi na unyayo mzima. Mikono isiwe mifukoni. Ngazi zitiwe chumvi kwanza.

Ziwa limefunikwa na theluji. Watoto wanaweza kulikanyaga?

La, la, la. Theluji ya kwanza hufika wakati barafu ya ziwa ni nyembamba au haipo, na ikilifunika inafanya mambo mawili mabaya: inaficha penye maji, na inazuia baridi isishuke kugandisha zaidi. Idara ya Maliasili ya Minnesota inataka angalau inchi nne za barafu mpya iliyo safi kwa mtu anayetembea kwa miguu, na bado inasema hakuna barafu ya kuaminiwa kabisa. Wafundishe watoto kabla, kwa lugha yoyote wanayoisikia vizuri. Hata wakiona mtu amesimama katikati anavua samaki.

Ikija usiku wa Halloween?

Imeshakuja. Mwaka 1991 ilianza tarehe 31 Oktoba na kufikia tarehe 3 Novemba ilikuwa imejaza inchi 28.4 katika Miji Pacha na 36.9 Duluth. Wenyeji waliokuwa watoto wakati ule bado wanaisimulia. Koti likae ndani ya vazi la sherehe, si juu yake. Nunua vazi kubwa namba mbili zaidi.

Mwanangu ameweka donge la theluji kwenye friza kati ya nyama.

Mwekee kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, lisinuke samaki. Baada ya wiki litakuwa gumu kama jiwe, kwa hiyo asilirushe tena.

Imeyeyuka yote siku ya pili. Ndiyo basi?

Bado kabisa. Kwa wastani Miji Pacha hupata zaidi ya inchi 50 kwa msimu, na msimu hauna adabu: katikati ya Aprili 2018, wakati watu wameshaanza kuotesha miche dirishani, zilianguka zaidi ya inchi 14. Tumia siku hizo kavu kufunga koki za mabomba ya nje, kukunja mpira wa kumwagilia, na kuokota majani yaliyobaki. Koleo liache mlangoni hadi Mei.